Saa nane ya usiku, ufunguo wa bweni uko kwa nani?

Mwalimu_wa_Nyanda (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari ya bweni ya wasichana huku Nyanda za Juu Kusini, na kwa mwaka wa tatu sasa nimeongezewa jukumu la kusimamia mabweni mawili. Nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu ya jambo lililotokea shuleni kwetu mwezi uliopita, ambalo halikumdhuru mtu yeyote, na pengine ndiyo maana limepita bila kuzungumzwa.

Mpango wa dharura tunao. Katika ofisi ya mkuu wa shule, kati ya ratiba ya vipindi na picha ya mahafali, imebandikwa karatasi iliyochapwa vizuri yenye majina ya kamati ya maafa ya shule: mwenyekiti, katibu na wajumbe watano. Mthibiti ubora alipokuja aliitazama, akaweka alama ya vema kwenye fomu yake, akaendelea na vyoo. Mimi nilipoisoma kwa utulivu niligundua kwamba wajumbe wawili walikwisha kuhamishwa tangu mwaka juzi, na kwamba kati ya waliobaki hakuna hata mmoja anayelala ndani ya eneo la shule. Kwa maneno mengine, tulikuwa na kamati ya mchana.

Nikaomba ruhusa ya kufanya zoezi la usiku. Mkuu wa shule alisita, kisha akakubali kwa sharti kwamba asijue mtu mwingine isipokuwa mlinzi wa geti kubwa, asije akapiga simu polisi. Saa nane na dakika kumi usiku nikaigonga ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mgrevilea, ambayo ndiyo kengele yetu, na papo hapo nikaanza kuhesabu muda kwa saa ya simu.

Bweni la kwanza lina wasichana 64 na milango miwili. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa ndani na kitanda cha deka, kwa kuwa tangu kidato cha kwanza kiongezeke nafasi haitoshi. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje, na kufuli hilo lina ufunguo mmoja tu, unaokaa kwa matroni ambaye chumba chake kiko hatua kama 30 kutoka pale. Alikuja mbio, peku, khanga kifuani, akiwa na kishada cha funguo 19, zote za rangi moja, zote za ukubwa mmoja, bila alama hata ya uzi. Akajaribu wa kwanza, wa pili, wa tano. Ndani wasichana walikuwa wameanza kugonga mlango kwa viganja. Nilikuwa nimemmulikia tochi, na nakiri kwamba kwa muda fulani nilisahau kuwa ni zoezi nililolipanga mwenyewe. Kuanzia mlio wa kwanza hadi mlango ulipofunguka zilipita dakika sita na sekunde 40. Kutoka kwenyewe hakukuchukua hata dakika mbili, maana watoto ni wepesi wakipewa njia.

Tukawapanga kwenye uwanja wa netiboli tukawahesabu. Daftari lilisema 64, uwanjani walikuwa 59. Kwa muda wa robo saa hakuna mtu mzima aliyeweza kusema kwa uhakika wale watano wako wapi. Hatimaye tuliwapata wote: wawili walikuwa wamelazwa katika chumba cha wagonjwa, mmoja alikuwa amekwenda kwao tangu Ijumaa kwa ruhusa ya mwalimu wa taaluma, ambaye aliiandika katika shajara yake mwenyewe, wa nne alikuwa amehamia bweni la pili kulala na mdogo wake. Wa tano alikuwa bado ndani, kitanda cha juu, kona ya mwisho, amejifunika gubigubi, usingizi mzito. Kengele hakuisikia. Huyo wa tano ndiye anayeninyima usingizi mimi sasa.

Sihitaji kuwakumbusha wasomaji wa jukwaa hili juu ya Shauritanga, kule Rombo, Juni 1994, ambako mshumaa ulichoma bweni na kuwaua wasichana zaidi ya 40. Wala Idodi, mkoani Iringa, Agosti 2009, ambako walikufa wasichana 12. Kila mara baada ya msiba tunauliza nani aliwasha mshumaa. Mimi nadhani swali la kwanza la mpangaji wa shughuli za dharura shuleni ni jingine, nalo nimeliweka kwenye kichwa cha uzi. Swali la pili ni hili: usiku huu, ni watoto wangapi wamelala humu, na nani anajua? Mengine yote, yaani kamati, mitungi, mabango na semina, yanafuata nyuma ya hayo mawili. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, na anayeona nimekosea aseme.

Afande_Mstaafu

Mwalimu, pokea salamu zangu. Nimefanya kazi ya zimamoto na uokoaji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hizo dakika sita zako zimenifanya niweke kikombe cha chai mezani.

Watu wengi hudhani kwamba katika bweni linaloungua mtoto huuawa na moto. Aghalabu huuawa na moshi, tena kabla moto haujamfikia. Magodoro yetu ni ya sponji, na sponji ikishika hutoa moshi mweusi mzito wenye sumu, ambao hupanda darini kwanza kisha hushuka kama pazia. Anayelala kitanda cha juu ndiye anayeanza kuuvuta. Chumba chenye magodoro mengi kinaweza kushika moto wote kwa pamoja ndani ya dakika chache tangu kuanza kwa cheche, kwa hiyo mlango unaofunguliwa baada ya dakika sita hufunguliwa kwa ajili ya kutoa miili. Samahani kwa kusema wazi. Ndiyo maana tunawafundisha watoto kutambaa: hewa inayofaa kuvutwa iko chini, karibu na sakafu, na mtoto aliyesimama wima akikimbia gizani anaukimbilia moshi kwa pua yake mwenyewe.

Kuhusu mitungi ya kuzimia moto, msiitegemee kupita kiasi. Mtungi wa unga wa kilo sita humalizika kabla ya nusu dakika. Unafaa kwa moto ambao bado una ukubwa wa ndoo, haufai kwa bweni lililokwisha kushika. Halafu uangalieni kila mwezi: mshale wa kipimo uwe kwenye kijani, pini iwepo, na mtungi upinduliwe na kutikiswa, kwa sababu unga hugandamana chini. Nimewahi kukuta shule imeifungia mitungi yake minane stoo kwa kufuli ili isiibiwe. Kufuli tena, Mwalimu, unaona.

Namba yetu ni 114 na haina malipo. Anayepiga asitaje jina la shule peke yake, kwa maana shule zenye jina moja ni nyingi. Aseme kata, barabara, alama inayoonekana kama kanisa, msikiti au mnara wa simu, kinachoungua, na kama kuna watu ndani. Kisha asikate simu mpaka aambiwe. Mtu mmoja asimame barabarani na tochi kulisubiri gari. Jueni pia kwamba gari letu ni pana kuliko Noah, na geti linalopitisha Noah pekee litatulazimisha kuvuta mipira kutoka nje. Ila kwa shule iliyo kilomita 40 kutoka makao makuu ya wilaya, nasema bila kuficha: tutakuja, lakini hatutakuwa wa kwanza. Wa kwanza ni ninyi, pamoja na wanakijiji wanaowazunguka.

La mwisho ni majeraha. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika kama 20, ndipo afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa zahanati. Msimpake dawa ya meno, wala asali, wala ute wa yai. Kila mwaka hospitali zetu hupoteza muda kubandua dawa ya meno kwenye ngozi za watoto.

Mwalimu_Mmoja_Ukambani

Naandika kutoka Kenya, na nimefuata uzi huu kwa moyo mzito, kwa sababu sisi tumekwisha kuandika sheria zote hizo na bado tunazika watoto.

Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu kabla yake, Bombolulu, Kwale, wasichana 26, nako pia kufuli na nondo. Baada ya misiba hiyo Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008, na ni mwongozo mzuri kwelikweli: kila bweni liwe na mlango kila mwisho pamoja na mlango wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na mlango usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Nimeutafsiri kwa ufupi, lakini hayo yamo. Kisha ikaja Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10. Kisha Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 katika bweni lililokuwa likilaza zaidi ya 150. Mwongozo ulikuwepo kabatini muda wote huo.

Kwa hiyo, Mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu ile karatasi ya ukutani, ila ningependa kuongeza jambo moja ambalo huku kwetu limetufunza kwa machungu. Tarehe 3 Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, watoto 14 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi walipokuwa wakitoka madarasani jioni. Hapakuwa na moto. Yalikuwa madarasa ya ghorofani na umati wa watoto kwenye njia moja kwa wakati mmoja. Hivyo mnapopanga mazoezi, msiwafunze watoto kukimbia tu, wafunzeni kutoka. Sisi tumepanga darasa lipi litoke kwanza, ngazi ipi ni ya nani, na mwalimu mmoja husimama kwenye kona ya ngazi akihesabu kwa sauti. Katika zoezi letu la kwanza msichana mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Katika la tatu walitoka kimya kimya kama wanaokwenda kupanga foleni ya chakula.

Mkuu_wa_Shule_Ziwani

Ndugu zangu, naomba niseme upande wa pili, kwa maana wanaoandika hapa hawajawahi kuitwa na afisa elimu saa kumi na moja alfajiri.

Kufuli lile halikuwekwa na mtu mwenye roho mbaya. Nina wasichana 410. Ukuta wa shule haujakamilika upande wa mashamba. Miaka miwili iliyopita vijana wa mtaani waliingia bwenini saa saba usiku, na tangu siku ile wazazi wenyewe, katika kikao ambacho muhtasari wake ninao, ndio waliodai mabweni yafungwe na madirisha yatiwe nondo. Mtoto akitoroka usiku akapata ujauzito, au akavamiwa, anayejibu ni mimi. Moto unaweza usitokee kwa miaka 20, lakini vijana wa mtaani wapo kila Jumamosi. Isitoshe, baadhi ya moto huwashwa na wanafunzi wenyewe, na mwanafunzi mwenye nia hiyo hupenda sana mlango usiofungwa. Mnaponiambia niondoe kufuli, niambieni pia niweke nini mahali pake, kwa fedha ipi.

Mwalimu_wa_Nyanda

Mheshimiwa Mkuu, nakushukuru kwa kulisema hilo hadharani, kwa kuwa ndilo ambalo mkuu wangu naye aliniambia faraghani. Sidhani kama hofu yako ni ya kupuuzwa.

Lakini tazama tofauti iliyopo kati ya kumzuia mtu asiingie na kumzuia mtoto asitoke. Kufuli la nje hufanya kazi zote mbili kwa pamoja, na ubaya wake uko hapo. Fundi wetu wa kuchomelea, ambaye karakana yake iko sokoni, ametutengenezea komeo refu la chuma linalokaa upande wa ndani, la kuinuliwa kwa mkono mmoja bila ufunguo, lenye bati pana lililochomelewa upande wa nje ili asiweze mtu kupenyeza waya na kulifungua. Aliye nje hawezi kuingia, na aliye ndani anatoka hata gizani. Ukihofia utoro, funga kengele ndogo mlangoni ili kila unapofunguliwa ilie chumbani kwa matroni. Ya kwetu ni ya betri, ya aina ile inayowekwa kwenye milango ya maduka. Gharama yote ya milango minne ilikuwa ndogo kuliko bei ya mbuzi wawili wa mahafali.

Nondo za madirisha tumeziacha, isipokuwa katika kila bweni madirisha mawili yamewekewa fremu yenye bawaba, inayofunguliwa kwa ndani kwa kuchomoa pini. Pini hizo zimepakwa rangi nyekundu na kila kiranja wa bweni amezichomoa kwa mkono wake, tena akiwa amefumba macho. Kwa wale wanaochoma moto wenyewe sina dawa ya fundi. Nimegundua tu kwamba wanafunzi wanaosikilizwa kuhusu chakula na adhabu hawawi na mengi ya kupanga usiku.

Mhaya_wa_Kashozi

Uzi umeegemea moto, na ni haki yake, lakini kuna shule ambazo ardhi yenyewe ndiyo hatari. Sisi wa Bukoba hatusahau Septemba 10, 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa kwa muda, na wanafunzi wake wakapelekwa kwingine. Laiti lingepiga siku ya masomo saa nne asubuhi, sijui tungeandika nini leo.

Nilichojifunza kama mwalimu ni kwamba amri ya tetemeko ni kinyume cha amri ya moto. Moto ukiwaka, toka. Ardhi ikitikisika, usikimbilie mlangoni, kwa sababu tofali na mabati huanguka hasa pale kwenye kuta za nje na vibaraza. Ingia chini ya dawati, ushike mguu wake, funika kisogo, subiri mtikisiko uishe, ndipo utoke taratibu ukae mbali na majengo, maana mitetemo midogo hufuata. Sasa, ikiwa shule ina kengele moja na mlio mmoja, mtoto atajuaje afanye lipi? Sisi tumeamua kwamba kengele ni ya moto tu. Kwa tetemeko hakuna kengele, kwani mtikisiko wenyewe ndio ishara, na mwalimu aliye darasani hupaza neno moja: "Chini!" Tumefanya hivyo mpaka wa darasa la kwanza wanacheza mchezo huo wakati wa mapumziko.

Mama_Elimu_Maalumu

Nimesoma yote nikisubiri mtu ataje watoto wangu. Ninafundisha katika shule yenye kitengo cha wanafunzi wasioona na viziwi. Mwezi Oktoba 2022, huko Mukono, Uganda, watoto 11 walikufa kwa moto katika Shule ya Wasioona ya Salama. Habari ile niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za bweni letu, nikayatazama madirisha, na sikuweza kuingia darasani siku ile.

Kengele ya Mwalimu wa Nyanda, hata ingekuwa ya kanisa, kwa mtoto kiziwi aliyelala ni sawa na bure. Tumewaweka viziwi katika vitanda vya chini, na kila mmoja ana jirani anayesikia ambaye kazi yake ni kumtikisa bega mara tatu, ishara ambayo haitumiki kwa jambo lingine lolote. Wasioona hawahitaji taa, wanahitaji njia isiyobadilika. Tumefunga kamba nene ukutani, kimo cha kiuno, kutoka kitanda cha mwisho mpaka mlangoni na kuendelea hadi kwenye mti wa mkusanyiko, na imepigwa fundo kila penye kona. Shida kubwa haikuwa kamba, ilikuwa masanduku. Mtu mwenye macho huweka sanduku lake popote na kulikwepa, na asiyeona hulikuta mguuni. Tulitoa masanduku yote na kuyajengea stoo yake.

Niongeze la kushangaza kidogo. Umeme ulipokatika katikati ya zoezi letu na moshi wa majani mabichi ukajaa korido, waliotangulia kufika chini ya mti walikuwa wasioona, na kila mmoja alikuwa amemshika mkono mwenye macho. Sasa viongozi wa kutoka usiku katika bweni letu wawili kati ya wanne ni wasioona.

Baba_wa_Wawili

Mimi si mwalimu, ni mzazi, na nimekuwa upande wa pili wa geti. Bweni la shule anayosoma binti yangu liliungua kidogo mwaka jana, mchana, wote wakiwa darasani, hakuna aliyeumia. Lakini habari ilitufikia kwa kundi la WhatsApp ikiwa na picha ya moto wa shule nyingine kabisa, na katika saa moja tulikuwa wazazi kama 200 getini, wengine kwa bodaboda, wengine wameacha magari katikati ya barabara pekee inayoingia shuleni. Gari la zimamoto lilikwama nyuma yetu. Nasema nyuma yetu, kwa sababu gari langu lilikuwa mojawapo.

Ndani ya geti hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuzungumza nasi. Mlinzi alisema hili, mpishi akasema lile. Watoto walichukuliwa hovyo, mwingine na shangazi, mwingine na jirani, na jioni shule ikawa inatafuta watoto ambao walikwisha kufika nyumbani na kula. Nawaomba walimu mnaopanga haya: mtengeni mtu mmoja wa kuzungumza na wazazi, na mahali pa kuwapokea palipo mbali na njia ya magari, kwa mfano uwanja wa kanisa jirani, na mtoto asitoke mpaka anayemchukua atie saini mbele ya mwalimu mwenye orodha. Tuma ujumbe mfupi mapema hata kama una sentensi mbili tu: kilichotokea, na mzazi aende wapi. Mzazi aliyeambiwa mahali pa kwenda huenda huko. Asiyeambiwa huenda kwenye moshi.

Afande_Mstaafu

Mzazi, umesema ukweli ambao sisi tuliokuwa kwenye lile gari hatukuwa na ruhusa ya kuusema.

Mwalimu_wa_Nyanda

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu ya mitihani ya nusu muhula. Naomba niwape mrejesho.

Ijumaa iliyopita tulirudia zoezi, saa tisa kasoro robo usiku, mvua ikinyunya. Bweni la kwanza walitoka kwa dakika mbili na sekunde 25 tangu mlio wa kwanza hadi wa mwisho kuvuka mlango. Makomeo yamefanya kazi. Kitanda kilichoziba mlango wa nyuma kimeondolewa, na waliokilalia tumewahamishia iliyokuwa stoo ya vifaa vya michezo, jambo ambalo mwalimu wa michezo hajanisamehe. Wanafunzi walitambaa mita tano za kwanza kama Afande alivyoelekeza, kwa vicheko vingi, na nimeamua kuviacha vicheko hivyo.

Kuhusu hesabu, tumeachana na daftari. Mlangoni mwa kila bweni kuna ubao wenye misumari 64, na kila msumari una kipande cha bati chenye namba ya kitanda. Anayelala nje ya kitanda chake, awe chumba cha wagonjwa, nyumbani au kwa dada yake, bati lake huhamishiwa upande wa kulia na kiranja kabla ya taa kuzimwa, baada ya prepo, na matroni hupiga picha ya ubao kwa simu na kuituma kwa mwalimu wa zamu na kwa mkuu wa shule. Ruhusa yoyote isiyofika kwenye ubao si ruhusa. Usiku ule ubao ulisema 61 na uwanjani walikuwa 61, na hesabu ilichukua dakika tatu.

Yule wa tano ana mwenzake sasa, kama alivyofundisha Mama wa Elimu Maalumu, na nilimwona kwa macho yangu akivutwa blanketi. Alikuwa wa 48 kutoka.

Kilichobaki ni geti la nyuma, ambalo ndilo pekee linaloweza kupitisha gari la zimamoto kuelekea kwenye kisima. Tulipotaka kulifungua usiku ule tulikuta ufunguo wake uko kwa mpishi mkuu, kwa kuwa kuni huingilia huko, na mpishi mkuu analala kijijini, kilomita mbili. Fundi ameahidi kuja Jumatatu.